Mwalimu Olivia Alimjua Muuaji Mapema

Watu hudhani Fortunato Laku ni mtu wa kutisha. Wanakuja hapa saluni kwangu, Munuki, Juba, wameshika kitabu chake, macho yamewatoka, wananiuliza, "Mama Pearl, huyu mtu unamjua kweli? Humwogopi?" Mimi hucheka mpaka nashika ukuta. Jamani! Mtu ameua watu kumi na tisa katika vitabu vinne, na Krismasi iliyopita alishindwa kuchinja jogoo. Alimshika, akamtazama, akamwachia, akaja kumwita Night, msusi wangu, amsaidie. Night alimaliza kazi ile huku anatafuna chingamu.

Laku ni dereva wa gari la maji. Asubuhi anapanga foleni kwenye kituo cha mtoni, anajaza tangi, kisha anazunguka Munuki na Atlabara akijaza mapipa ya watu. Foleni ya pale si mchezo. Madereva wenzake hucheza karata na kugombana kuhusu mpira, yeye anaweka kaunta buku juu ya usukani anaandika. Ni mwembamba, mkimya, ana miaka arobaini na miwili, shati limechomekwa hata jua likiwa la kukaanga. Akikupita bila salamu usikasirike, ujue kuna mtu anamwua kichwani.

Anaandika Kiswahili, na wapo wanaomcheka kwa hilo. Waache wacheke. Mimi ni wa Busia, pale mpakani, Kiswahili nimekua nacho sokoni, na nakwambia cha Laku kimenyooka. Alikipata kambini Uganda, walikokimbilia wakati wa vita. Aliyemfundisha ni Mwalimu Olivia, mama mmoja aliyesomea Kenya, ambaye kule kambini alifundisha watoto mia moja chini ya turubai moja kwa fimbo moja. Sasa amestaafu, anakaa Gumbo, ng'ambo ya daraja. Mkumbuke huyo mama, maana habari yote hii ni yake.

Vitabu viliingiaje saluni? Kusuka nywele ndogo ndogo huchukua masaa matano. Mikono yangu na ya Night ina kazi, ya mteja imelala mapajani. Basi mimi nina sheria: ukikalia kiti changu, unasoma, na unasoma kwa sauti, wote tusikie. Hujui kusoma? Utasimulia ulichosikia jana. Wengine walinung'unika mwanzoni. Sasa kuna wanaokuja na nywele hazijafumuka hata kidogo, wanataka tu kujua Inspekta, mpelelezi wa Laku, amefika wapi.

Mwisho wa kila kitabu Laku huacha kurasa mbili tupu, na juu yake ameandika: Sema ukweli. Ukimaliza kusoma unaandika maoni yako, ndipo unampa mwingine. Kitabu kikichakaa kinarudi kwake. Nimemwona mara nyingi amekaa ndani ya lile gari lake anasoma kurasa hizo mbili kama mtu anayesoma barua ya mchumba.

Na watu wa Munuki hawana huruma, walai! Mmoja aliandika: "Mimi iko askari. Bastola yako iko na risasi nane, wewe umepiga kumi na moja. Hesabu." Mama mmoja akaandika: "Inspekta wako hali, halali, hana mke. Muuaji mwache kwanza, huyu mtu atafutiwe mke." Mwingine: "Nimeunguza ugali kwa ajili yako. Mume wangu anakusalimia kwa hasira." Majok, kijana wa bodaboda pale stejini, alijaza ukurasa mzima peke yake kwamba kutoka Atlabara kwenda darajani hakupiti pale Laku alipompitisha Inspekta. "Angefika kesho yake," aliandika. "Njoo nikubebe nikuonyeshe." Na kweli alimbeba, wakazunguka asubuhi nzima, na katika kitabu cha tatu Inspekta hakupotea tena.

Laku hakuwahi kukasirika kwa maoni hayo. Aliyachukua yote, akashukuru. Lakini kulikuwa na maoni ya mtu mmoja yaliyokuwa yanamla.

Kila anapomaliza kitabu, kabla hakijakwenda Kampala kuchapwa, Laku huvuka daraja na kaunta buku lake akampelekea Mwalimu Olivia asome. Baada ya wiki moja huenda kulichukua. Na kila mara, ukurasa wa mwisho, kwa ule mwandiko wa ubaoni, Mwalimu ameandika sentensi moja. Kitabu cha kwanza: "Nimemjua muuaji ukurasa wa 32." Cha pili: "Ukurasa wa 27." Cha tatu: "Ukurasa wa 30." Cha nne: "Ukurasa wa 19. Unarudi nyuma." Chini yake: Mwalimu Olivia. Basi. Hakuna pole, hakuna hongera.

Sasa nikwambie siri ya saluni, na nikuambie mapema kwamba naionea aibu.

Sisi pia tulikuwa tunamjua muuaji. Aliyegundua ni Night, tukiwa katikati ya kitabu cha pili. Alisimamisha kitana hewani akasema, "Mama Pearl, ni huyu mwenye gereji."

"Umejuaje?"

"Inspekta ameingia kwake, amekaa, wameongea weee mpaka mwisho. Hajapewa maji."

Nikamwambia aache upuuzi. Kumbe si upuuzi. Hapa Juba mgeni akifika kwako hamkai hivi hivi mkitazamana. Kiti kwanza, kisha moya, maji kwenye sinia, anywe, ndipo umwulize habari za alikotoka. Hata aliyekuja kukugombeza anapewa maji kwanza, akishameza ndipo aanze matusi yake. Na katika vitabu vya Laku wote wanatoa maji: wajane, walevi, wezi wa ng'ombe, mpaka yule mganga tapeli. Mmoja tu hatoi. Huyo mmoja ndiye ameua.

Tukarudi kitabu cha kwanza tukakagua. Hivyo hivyo! Ikawa mchezo wetu. Kitabu kipya kikifika, anayesoma anaruka kurasa kutafuta nyumba ambayo Inspekta amekaa na koo kavu. Akiipata saluni nzima inapiga kelele, "Huyooo!" Tunacheka mpaka wapita njia wanachungulia. Kisha tunasoma taratibu mpaka mwisho kuona Inspekta atachukua muda gani kugundua tulichokwisha kugundua. Na tulikipenda kitabu vilevile. Ila hakuna hata mmoja aliyeandika jambo hilo kwenye zile kurasa mbili. Mimi na mdomo wangu huu usio na breki, nilinyamaza. Utamu wa kujua ulinizidi.

Halafu ikafika Jumamosi moja, mwaka huu, mvua zikiwa zimeanza. Laku aliegesha gari nje, akaingia na kaunta buku limefungwa kwenye nailoni.

"Mama Pearl, nikuachie hii mpaka kesho. Kwenye gari kunavuja. Kesho baada ya kanisa naivusha Gumbo."

"Cha tano hicho!" nikasema. "Hongera, bwana!"

Hakucheka. Alikaa kwenye benchi la wateja, jambo ambalo hafanyi. "Mwalimu akimjua na huyu," akasema, "naacha."

"Unaacha nini?"

"Kuandika. Kaka yangu ananiambia niongeze mizunguko ya maji, nami namwambia sina muda, muda ninao, naumalizia humu. Miaka tisa sasa. Kama yule aliyenifundisha herufi bado ananisoma kama mtoto wa darasa la pili, basi mimi si mwandishi. Ni dereva tu. Si kazi mbaya."

Angelisema kwa hasira ningembishia. Alisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Akaaga, akasema tukitaka tusome, akaenda.

Night hakusubiri. Alinawa mikono, akafungua nailoni, akaanza. Kitabu kilikuwa kizuri, lo! Maiti imekutwa kwenye mashine ya kusaga unga, na hakuna aliyesikia kitu. Tulikaa kimya kabisa, hata feni tuliizima ili tusikie. Ukurasa wa ishirini na nane Inspekta akafika kwa mwenye mashine. Akaketi. Jua kali. Akapangusa jasho. Wakaongea kurasa tatu.

"Huyooo!" wanawake wakapiga kelele, wakapigana makofi.

Mimi sikucheka. Nilikumbuka Laku alivyosema ataacha. Nikasema, "Funga kitabu, Night."

Jumapili nilimsubiri mlangoni na nguo zangu za kanisani. Alipofika nilimwambia hapohapo kabla ujasiri haujaniisha. "Laku, sisi tunamjua muuaji wako. Tulimjua katika vyote vinne. Huwa hatoi maji."

Alinitazama kama nimeongea Kichina. Nikaingia ndani, nikatoa vitabu vinne, nikamfungulia kimoja kimoja pale nilipokunja. Alisoma amesimama. Alipofika cha nne aliketi chini kwenye ngazi, na suruali yake ya kanisani.

"Sikujua," akasema. "Walai sikujua kama naandika hivyo." Kisha akasema, "Nilipokuwa na miaka saba, tunakwenda Uganda kwa miguu, tulifika kwenye nyumba moja kando ya njia. Bibi kizee. Hatujui lugha yake, hajui yetu. Alimvuta mama kivulini akatupa maji, sote, hata kabla hajatuuliza sisi ni nani. Sijui jina lake mpaka leo. Nikiandika mtu anampa mgeni maji, namwona yeye. Sasa nimpe yeye kisu?"

Ndipo aliponigeukia.

"Mmelijua hili tangu lini?"

"Tangu cha pili."

"Na nimeandika juu kabisa, Sema ukweli. Mmenicheka vitabu vitatu."

"Tulikuwa tunafurahi, Laku. Hatukukucheka wewe."

"Mlinicheka," akasema. Akachukua kaunta buku lake, akapanda gari, na hakugeuza kuelekea darajani. Nilitamani ardhi inimeze.

Wiki tatu hakukanyaga kwangu. Maji yangu yaliletwa na dereva mwingine, mtu wa kelele, anamwaga nusu barabarani. Wateja waliniuliza cha tano kiko wapi, nikawajibu kwa ukali, masikini, hawakuwa na kosa. Usiku sikuwa na shida, nililala, sitakudanganya. Lakini mchana kila nikisikia honi ya gari la maji nilitoka na kitana mkononi.

Wiki ya nne honi ikawa yenyewe. Alijaza pipa langu bila kumwaga tone, akaingia, akaweka nailoni mezani.

"Nimeandika upya," akasema. "Muuaji anatoa maji. Ukurasa wa ishirini na nane, kwenye glasi, na barafu. Haikuwa rahisi, Mama Pearl. Siku mbili nilishindwa kumalizia sentensi moja."

"Nisamehe," nikamwambia.

"Nimekusamehe wiki iliyopita. Nilikuwa na kazi tu." Kisha akajikuna shingo. "Twende wote Gumbo. Peke yangu naogopa."

Tukavuka daraja na lile gari la maji, tukamkabidhi Mwalimu kitabu mlangoni, tukarudi. Wiki hiyo Laku alikonda, na hakuwa na mwili wa kukonda. Alinipitia kila siku kuniuliza mambo yasiyo na maana: kama ukurasa wa hamsini si mrefu mno, kama Mwalimu macho yake bado mazima. Mimi mwenyewe sikukisoma kipya. Niliona vibaya kutangulia.

Jumapili iliyofuata, saa saba mchana, tulifika. Mwalimu Olivia ni mfupi, ana mvi zilizokatwa chini kabisa, na anakutazama kana kwamba umesahau daftari nyumbani. Alitukaribisha ndani, akatupa viti, akaketi mbele yetu. Kaunta buku lilikuwa mapajani mwake, mikono miwili juu yake.

"Kanisani mlikuwa wengi?" akauliza.

"Wengi, Mwalimu," Laku akajibu.

"Barabara ya Nimule vumbi limepungua. Mvua imesaidia."

"Imesaidia, Mwalimu."

Akaendelea. Akasema kuhusu paa la jirani. Akasema kuhusu mahindi. Chumba kilikuwa na joto la tanuru, bati linalia juu, ulimi wangu umenata. Nikatazama mlango wa jikoni. Nikaiona sinia, imeinamishwa ukutani, kavu. Nikatazama mtungi pembeni, umejaa, umefunikwa vizuri. Nikamtazama Laku. Na yeye alikuwa anautazama mtungi. Jasho lilimtoka usoni, na nikaona ameanza kusogeza kiti nyuma, kidogo kidogo, kuelekea mlangoni.

Dakika ishirini, nakuapia! Mama wa watu, mwalimu mzima, muumini, hajatupa maji. Mimi nilianza kumwogopa. Nilianza kuhesabu ni hatua ngapi mpaka nje.

"Laku," Mwalimu akasema, "mbona unasogea?"

"Mwalimu, tumekukosea kitu?"

Yule mama akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Alicheka mpaka kaunta buku likaanguka, akajifuta macho kwa kanga.

"Sasa umeonja," akasema. "Hivyo ndivyo nilivyokaa na wauaji wako wanne, koo kavu, namsubiri Inspekta wako afungue macho."

Laku akapigwa na butwaa. "Kumbe na wewe ulijua kwa maji?"

"Ningejua kwa nini kingine? Mimi nilikufundisha herufi, sikuwa polisi."

"Na hukuniambia! Miaka yote unaniandikia namba za kurasa!"

Mwalimu akasema, na sauti haikuwa ile ya ubaoni. "Nilifurahi, mwanangu. Nilikuona ukija kambini na miguu imepasuka. Nikasema, huyu amepita yote yale, na bado hawezi kuandika mtu mbaya anayempa mgeni maji. Ningekuambia ungeacha. Kama mama, sikutaka uache. Kama msomaji, nilikuwa nimekuchoka kabisa."

Akainua kaunta buku sakafuni, akampa. Laku hakulifungua. Alinipa mimi. Mtu mmoja ilibidi afungue, basi nikafungua ukurasa wa mwisho, nikasoma kwa sauti, kama sheria ya saluni yangu:

"Sikumjua. Mpaka ukurasa wa mwisho sikumjua. Nilimpenda kwa sababu aliwapa wageni maji, na alipokamatwa nililia, kisha nikakasirika, kisha nikarudi kusoma tena tangu mwanzo. Juzi jirani alinipa maji nikaitazama glasi mara mbili. Umenikosesha raha. Andika kingine."

Laku akaniuliza, "Ameweka sahihi?"

"Ameweka."

Akanyoosha mkono, akalichukua, akatazama mwenyewe. Katika vitabu vinne vya kwanza sahihi ilikuwa: Mwalimu Olivia. Safari hii, kwa mwandiko uleule ulionyooka, chini kabisa ya ukurasa, palikuwa na maneno matatu: Msomaji wako, Olivia.

Alilia, ndiyo. Mwanamume wa miaka arobaini na miwili, shati limechomekwa. Mimi pia nililia, na sijui kwa nini nilie mimi ambaye sijaandika hata barua. Mwalimu alisimama, akaenda mtungini, akaleta sinia na glasi tatu zilizojaa mpaka ukingoni. Akamshikia Laku yake.

Laku aliipokea, akaitazama. Akamtazama yule mama. Akaitazama tena.

"Kunywa, wewe!" Mwalimu akafoka.

Akanywa yote kwa pumzi moja, akaomba nyingine.